Gari la Mbao Lililosawazishwa

Fundi seremala aliyenichongea gari la mbao, mfano mdogo wa gari letu la mashindano, aliweka sharti moja tu: vipimo vikiisha, nimwambie ukweli yeye wa kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Haki alikuwa nayo. Dereva wa gari lenyewe alikuwa mwanawe wa pekee, na swali la mzee halikuwa la kasi wala la ushindi.

"Ma fille," aliniambia, kwa maana ya binti yangu, "miye sijue mambo ya mupepo. Unambie kitu moja tu. Ile motokari itabakia chini, ao itaruka?"

Nikamwahidi. Kuahidi hakukunigharimu kitu, na wakati huo nilikuwa na njaa ya kuaminiwa na mtu yeyote.

Diploma yangu ya uenjenia ilikuwa imekaa miaka miwili ukutani kwa mama, karibu na kalenda ya duka la rangi. Mwenye garaji mmoja wa mtaa wa Kampemba alinichukua kwa sababu mke wake aliimba kwaya moja na mama yangu. Sababu nyingine haikuwepo, na mafundi wake hawakuchoka kunikumbusha. Kila kiangazi wenye magaraji kadhaa wa Lubumbashi walishindanisha magari waliyoyaunda wenyewe, kwenye kipande cha lami kilichonyooka nje ya mji, upande wa Annexe, katikati ya mashamba. Gari letu lilikuwa mabomba yaliyochomelewa, injini ya teksi kuukuu nyuma, mabati mepesi juu, na bawa la bati mkiani. Lilikimbia vizuri. Lakini mwaka uliotangulia dereva alishuka akasema kwamba mwisho wa barabara usukani ulikuwa mwepesi mikononi mwake, kama vile hashiki kitu, ndiyo maana akaachia mafuta na kupitwa. Mafundi walimcheka, wakasema ni bia. Kijana yule alikuwa Mwislamu kama baba yake na hakuwahi kuonja bia, lakini pale garajini hilo halikumzuia mtu kucheka.

Mimi sikucheka. Usukani mwepesi maana yake magurudumu ya mbele hayaikandamizi tena lami; hewa inaingia chini ya gari na kuinua pua. Nilisema hivyo mbele ya wote, na nikaongeza kwamba naweza kupima.

"Utapima mupepo na kilo ao na litre?" akauliza fundi wa kuchomelea. Walicheka mpaka wakashikilia meza.

Basi nikajenga sanduku. Lilikuwa la tripleksi, zile mbao nyembamba za tabaka, refu kama vitanda viwili vilivyounganishwa, lenye kioo cha dirisha ubavuni. Mwisho mmoja nilifunga feni kubwa ya kupulizia hewa kwenye mashimo ya mgodi, niliyoikuta kwa wauza vyuma chakavu, nikaigeuza ivute. Mwisho wa pili nilipanga mirija ya kunywea soda, mamia kwa mamia, imebanana kama masega ya nyuki, ili upepo uingie umenyooka. Ndani lingesimama gari dogo, sehemu moja ya tano ya gari la kweli, magurudumu ya mbele juu ya mizani moja ya jikoni na ya nyuma juu ya nyingine. Hesabu yake ni nyepesi. Upepo ukikandamiza pua ya gari, namba ya mizani ya mbele inapanda. Upepo ukiinua pua, namba inashuka. Kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kukuambia gari litakimbia kiasi gani, lakini hewa inakandamiza au inainua, hilo kitakuambia, ukikipa umbo lenye ukweli.

Mafundi waliliita sanduku langu jeneza, na mimi wakaniita mama wa jeneza. Niliwachukia wote, mmoja mmoja, kwa utaratibu, na sitasingizia leo kwamba chuki ile imeisha.

Seremala peke yake hakunicheka. Karakana yake ilikuwa mtaa wa Hewa Bora, nyuma ya nyumba yake. Babu yake alitoka Maniema na randa begani, na tangu hapo ukoo mzima ulikula kwa mbao: milango, vitanda vya maharusi, makabati. Mzee alitembea na pimamaji mfukoni mwa koti, kile kipande cha chuma chenye tone la hewa linaloonyesha kama kitu kimelala sawa. Mkewe alisimulia kwamba siku ya kwanza alipokaribishwa kula kwa wakwe zake, aliiweka mezani kabla ya bismillahi, akaona meza imeinama, akakunja karatasi na kuisukuma chini ya mguu mmoja, ndipo akanawa mikono. Hakuna kitu kilichopinda kilichowahi kutoka mlangoni mwake. Hilo alilisema kila mara, na lilikuwa kweli, na ndilo lililotumaliza.

Kwa sababu gari letu lilikuwa limepinda. Injini nzito ilikandamiza nyuma, na springi za mbele zilikuwa za gari lingine, refu. Nililala chini yake na mita nikapima mwenyewe: mbele sentimita kumi na mbili kutoka chini, nyuma saba. Pua juu, matako chini, kama mbwa anayetaka kukaa. Nilichora hivyo hivyo, nikagawa kila namba kwa tano, nikampelekea mzee mchoro. Aliukunjua juu ya benchi, akauangalia muda mrefu, akaniangalia mimi, akauliza kama ninalala vizuri. Nikasema silali sana. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaukunja mchoro akautia mfukoni.

Baada ya wiki moja gari la mbao lilikuwa tayari. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Alikuwa amelipiga msasa mpaka linateleza, akalipaka mafuta, na bawa la nyuma lilikuwa jembamba kama ganda la kitunguu. Nililibeba kwa mikono miwili mpaka garajini na sikulipima. Sababu ya kutolipima ni aibu tupu: lilikuwa zuri, na nilitaka mafundi walione haraka.

Asubuhi iliyofuata umeme ulikuwa na nguvu. Nilibandika nyuzi za kusukia nywele kwenye mwili wa gari lile la mbao ili nione hewa inavyopita, mke wa seremala akanipa ubani kwa ajili ya moshi, nikawasha feni. Moshi ulipanda juu ya pua, ukateleza mgongoni, ukatoka nyuma umelala. Nyuzi zote zilinyooka. Na mizani ya mbele ikapanda. Nikazima, nikawasha tena, ikapanda tena. Hewa ilikuwa inaikandamiza pua chini. Patron, mwenye garaji, alikuwa amesimama nyuma yangu, na mafundi wote, na yule fundi wa kuchomelea akainama kusoma mizani mwenyewe.

"Enjenia," akasema patron. Hakuwahi kuniita hivyo. "Donc iko bien? Iko sawa?"

"Iko bien," nikasema. "Mwaka jana dereva aliogopa tu."

Kwa hiyo ile ahadi ya kumwambia mzee wa kwanza niliivunja kabla ya saa tatu asubuhi, na kijana wake nikamtukana juu yake.

Mchana mafundi walipokwenda kula, nilibaki kufuta masizi ya ubani. Nikaweka rula chini ya gari la mbao, kwa mazoea tu. Milimita kumi na nne mbele. Milimita kumi na nne nyuma. Pua haikuwa juu hata kidogo. Lilikuwa limelala sawa kama meza.

Sikuhitaji kumwuliza mtu. Nilijua pale pale mzee alichofanya. Aliona kwenye mchoro pua inapanda, akadhani mkono wa binti aliyechoka umeteleza, akasahihisha. Wala hakuniambia, kwa sababu ya heshima: kwetu hapa fundi wa umri wake hamwonyeshi mtu aliyesoma kosa lake usoni, analinyoosha kimya kimya na kumrudishia kazi safi, ili asione haya. Alinifanyia adabu.

Nikakata vipande vya boksi la sabuni, nikavipanga chini ya magurudumu ya mbele mpaka pua ikafika milimita ishirini na nne, kama gari la kweli. Nikawasha feni. Mizani ya mbele ikashuka. Nikaongeza upepo, ikashuka zaidi, na nyuzi za chini ya pua zikaanza kutetemeka na kugeuka. Nilizima, nikawasha, nikazima. Hakuna siku nimekuwa na kipimo kizuri kama kile. Kila mara jibu lilikuwa moja, na lilikuwa wazi hata kwa mtu asiyejua kusoma: gari lile likifika kasi yake litainua pua.

Nilivitoa vile vipande vya boksi na kuvitupa kwenye jiko la makaa la mama anayetupikia.

Watu hupenda kusema hawajui kwa nini walifanya jambo. Mimi najua. Nilikuwa enjenia kwa muda wa saa nne. Ningewaita mafundi warudi na bukari, ugali wetu, bado mdomoni, niwaambie kwamba nilijisifu juu ya gari ambalo si lao, wangecheka mpaka kiangazi kingine. Nilitaka kuwa sahihi kuliko nilivyotaka yule kijana awe salama. Ndivyo ilivyo, na nikiiandika vizuri zaidi ya hapo nitakuwa nadanganya.

Alasiri, baada ya sala, mzee alikuja. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, hakutaka kuingia na viatu vyenye vumbi la mbao, kana kwamba garaji lile lilikuwa msikiti.

"Ma fille. Itabakia chini?"

"Itabakia chini, papa."

Akafumba macho. Akasema alhamdulillahi, akaniwekea mkono kichwani akaniombea mume mwema na maisha marefu. Nilisimama nikapokea dua yote mpaka mwisho.

Zilibaki siku tatu kabla ya mashindano. Kubadilisha springi za mbele ni kazi ya nusu siku. Nilimwambia patron, kama mtu anayepita tu, kwamba pua ingeweza kushushwa kidogo ipendeze. Akasema rangi imeshapigwa, tusiguse kitu. Sikusema mara ya pili. Siku ya mwisho kijana alikuja kujaribu kiti. Alikuwa mpole, mwenye mikono mirefu kama baba yake.

"Yaya," akaniambia, kama kijana anavyomwita dada mkubwa, "mwaka ya jana nilisikia woga, nikaachia mafuta. Sasa najua ilikuwa kichwa yangu tu. Hii mara siachie."

Nikamfungia mkanda ili aone kama unamtosha. Nikamwambia unamtosha.

Siku ya mashindano watu walijipanga kando ya lami tangu asubuhi, akina mama wakiuza karanga na maji, watoto juu ya vichuguu. Baba yake alisimama karibu nami na kunishika mkono juu ya kiwiko, kama mtu anayevuka barabara na ndugu. Gari letu liliondoka la pili, likalikuta la kwanza katikati, likalipita. Watu wakapiga kelele. Kijana hakuachia mafuta. Mwisho wa barabara pua ilipanda, polepole kwanza, mpaka nikaona tumbo la gari, mabomba niliyokuwa nimelala chini yake na mita. Kisha likageuka lote, likaanguka kwa mgongo, likaburuzika kwenye shamba la watu, kwenye mabua ya mahindi yaliyokauka.

Mkono wa mzee uliniachia. Alikimbia, na sikujua kwamba mtu wa umri ule anaweza kukimbia hivyo.

Hakufa. Nimeona watu wakilisema neno hilo kama faraja. Uti wa mgongo ulivunjika, na daktari alipotoka alieleza kwa mkono wake mwenyewe, akiuweka kiunoni: kutoka hapa kwenda chini, basi.

Tulikuwa uani mwa hospitali, sote, mafundi, patron, mzee, mkewe ameketi kwenye saruji. Patron akanigeukia.

"Enjenia, ulituambia itabakia chini. Hii ni nini?"

Nilikuwa nimeshapanga jibu njiani. Naam, njiani, kwenye gari lililofuata ambulansi, wakati wengine wanasali.

"Modèle haikufuata dessin yangu," nikasema, yaani gari la mbao halikufuata mchoro. "Kwa dessin pua iko juu. Kwa mbao pua iko chini. Nilipima motokari ingine."

Kila neno lilikuwa kweli. Sikuongeza hata moja la uongo. Watu wote wakamwangalia seremala.

Alitoa mchoro mfukoni mwa koti, bado anao, akaukunjua kwenye goti lake akafuata mstari wa chini kwa kidole.

"Ni miye," akasema. "Niliona pua inapanda, nikawaza mutoto amechoka, mukono imetereza. Nikanyoosha. Sikupenda kumupatisha haya."

"Muzee, unanyoosha motokari sawa kitanda?" akasema yule fundi wa kuchomelea, na akatema mate chini.

Mke wa mzee alijisogeza kwenye saruji, kidogo, mpaka nguo yake isiguse mguu wa mumewe. Mimi nilikuwa naangalia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, uani pale, na niliiona nafasi ile waziwazi kama mtu anavyouona mlango ulio wazi, nikabaki nilipo.

Yaliyofuata yalikwenda kama yanavyokwenda mjini kwetu. Kijana alipotoka hospitali alikataa kurudi nyumbani. Alipelekwa kwa mjomba wake, na akasema baba yake asikanyage pale. Hewa Bora watu waliacha kuagiza vitanda kwa mtu aliyemvunja mwanawe. Mimi sikupungukiwa. Ilisemwa kila mahali kwamba binti alijua kazi yake, ni mchongaji aliyeharibu, na kampuni moja inayopitisha hewa migodini ikanichukua kwa sababu ya sanduku lile. Kazi hiyo ninayo mpaka leo. Ninaifanya vizuri.

Mwezi wa nane baada ya ajali, mzee alikuja kwetu na kaka yake mkubwa na mkewe. Walileta jogoo hai na mfuko wa mchele, wakakaa kwenye ukingo wa viti vya mama kama watu waliokuja kuposa. Kaka yake akaanza, kama desturi inavyotaka, akamwachia mwenyewe amalizie.

"Ma fille, nilikukosea," akasema mzee. Alikuwa amekonda mpaka koti limekuwa la mtu mwingine. "Kazi yako ilikuwa ya kweli. Miye njo nilitiya uongo mu kazi yako, na nikakupatisha haya mbele ya bantu. Nakuomba pardon."

Nilimwacha amalize. Mama yangu alikuwa analia. Nikasema nimesikia, papa, na mama akampokea jogoo.

Ndipo akaomba jambo la pili, akiangalia mikono yake. Niende naye kwa mwanawe. Labda mbele yangu atakubali kumsikiliza.

Tulikwenda kesho yake, saa tisa mchana. Kijana alikuwa kwenye kiti cha magurudumu chini ya paa la baraza la mjomba, blanketi miguuni ingawa kulikuwa na jua. Hakumwangalia baba yake. Mzee alipiga magoti, mbele ya shemeji zake, mbele ya watoto wa nyumba, akasema yote: mchoro, mkono wake, jinsi alivyodhani anasaidia. Alisema kwamba kila siku anamwomba Mungu ayarudishe yale ya kabla ya ajali, achukue miguu yake yeye. Kijana alimwacha mpaka akanyamaza, kisha akanigeukia mimi.

"Yaya, weye njo ulijuaka ile kazi. Weye umemusamehe?"

Wote wakanitazama. Mama yake alikuwa ameshika kitambaa kinywani. Nilikuwa na pumzi ya kutosha kusema jambo lote, halikuwa refu: nilijua, siku tatu kabla nilijua, baba yako hana kosa. Yangetosha maneno hayo. Kijana angekuwa na baba, na baba angekuwa na mikono yake tena.

"Nimemusamehe," nikasema.

"Basi kama weye umemusamehe, miye ni nani?" akasema kijana, akamnyooshea baba yake mkono. Mzee akaushika, akauweka usoni, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanaume. Mama wa kijana akaja akanikumbatia, akaniita mtoto wake. Mjomba akatuletea viti, na chai, na akaniomba, kwa kuwa nimesoma na ndimi niliyewapatanisha, nitoe neno kwa familia.

Nikasimama. Niliwazungumzia msamaha, kwa muda wa kutosha, na nilizungumza vizuri. Na kila nilipotua, mzee aliitikia amina.